Tanuri Lilizimika Jumanne

Iringa, Jumapili, Julai 1957

Leo kumekucha na ukungu mzito, hata mpera wa jirani hauonekani, na baridi ya mwezi huu inauma mpaka kwenye kucha. Watu wa msiba wamekwisha kuondoka. Majamvi yamerudishwa kwa wenyewe, sufuria kubwa tuliyoazima imesuguliwa na kupelekwa kwa Bi Mwanaidi, na ndani ya nyumba tumebaki mimi na baba, tunapishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji.

Sikwenda kanisani. Nilimwambia baba kichwa kinaniuma, naye akasema goti linamsumbua. Tulikuwa tunadanganyana wote wawili.

Mama amekufa.

Nimekaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika hivyo. Nililisema neno hili mara nyingi wiki iliyopita, kwa mchungaji, kwa mwalimu mkuu wa shule yangu, kwa karani wa posta aliyepokea telegramu, na halikuniuma kama linavyoniuma hapa kwenye karatasi. Alikufa Alhamisi, tukamzika Ijumaa, na baba hakuwapo. Alikuwa milimani huko Mbozi, ng'ambo ya Mbeya, anamyeyushia mzungu chuma. Telegramu yangu ilimkuta Jumatatu aliposhuka mjini Mbeya, na basi likamfikisha hapa Jumatano.

Tangu Jumatano hiyo nilikuwa nimebeba kitu ambacho baba hakukijua. Leo ameniuliza, nami nimemwambia. Sijui kama nimefanya vizuri. Ndiyo maana naandika.

Mambo yalianza na Bwana Vigae. Hilo si jina lake, ni jina alilopewa na watoto wa mtaa, kwa sababu tangu alipofika Iringa baada ya Pasaka alikuwa akiinama kila penye jalala na kuokota vipande vya vyungu. Huko kwao Ulaya ni mwalimu wa chuo kikuu, na kazi yake ni kuchimba mji mmoja wa Warumi uliokufa zamani sana. Hatafuti dhahabu wala makaburi ya wafalme. Anatafuta mafundi. Anataka kujua nani aliwaokea watu mkate, nani alitia nguo rangi, nani alifua visu na majembe, walikaa mtaa gani, na nani alikula jasho lao. Mimi nilimfasiria wakati shule zimefungwa, na nakiri kwamba sijawahi kuifurahia kazi kama ile.

Tulitembea naye mtaa kwa mtaa. Aliwachora mafundi cherehani barazani kwa Wahindi, mafundi viatu wanaokata matairi, na wale wanaotengeneza koroboi kwa makopo ya mafuta. Kila mara alikuwa akitikisa kichwa na kusema hata kule ilikuwa hivi hivi, duka mbele, kitanda nyuma, moto katikati. Mimi nilidhani Warumi walikuwa watu wa kuvaa mashuka na kupigana vita tu. Kumbe walikuwa na mtaa wao wa kelele na moshi kama huu wetu wa sokoni.

Kuna jambo moja lililokuwa likimsumbua. Katika mji wake amechimba karakana nyingi za wahunzi, ila hajapata tanuri hata moja la kuyeyushia mawe. Maana yake chuma kilitoka nje, milimani, kikaletwa mjini. Kililetwa na nani? Watu wa mlimani na watu wa mjini walijuana vipi? Vitabu vyao vya zamani vinataja majenerali, vinanyamaza juu ya mafundi. Basi akaja kutafuta mahali ambapo bado kuna mtu anayekumbuka kazi yote, kuanzia jiwe mpaka jembe.

Mtu huyo ni baba yangu.

Baba ni Mnyiha wa huko Mbozi. Ujanani alichimba mawe, akachoma makaa, akajenga tanuri refu kuliko mtu, akalivuvia kwa mivukuto. Halafu majembe ya dukani yakaja, matanuri yakapoa yote, naye akamchukua mama na kuhamia Iringa. Hapa anafua visu na majembe kwa springi za malori. Mimi nimezaliwa hapa, sikuwahi kuliona tanuri hata moja, na baba hakuwa na kawaida ya kuyazungumza hayo mpaka alipoulizwa na mzungu. Siku ile aliongea mpaka ugali ukapoa.

Bwana Vigae alikuja nyumbani jioni kadhaa na picha zake. Mama alizipenda kuliko sisi sote. Alishika mdomo alipoona mkate uliogeuka makaa na bado una alama ya kukatwa vipande. Alipoambiwa kwamba mafundi wa kufua nguo walitumia mkojo, wakawa wanauokota mitaani kwa mitungi, alicheka mpaka akashika ubavu, akasema sasa ameelewa kwa nini mji ule ulikufa. Picha moja ilikuwa ya jiwe la kaburi la mhunzi. Mhunzi amechongwa na nyundo yake na koleo yake, na pembeni ameketi mwanamke.

"Muulize," mama akaniambia, "huyu mama anafanya kazi gani hapo?"

Nilimfasiria. Bwana Vigae akasema hajui. Chuma huacha mavi yake tanurini, akasema, mkate huacha jivu, lakini kazi za wake wa mafundi hazikuacha kitu cha kuchimbua.

"Basi hajatafuta vizuri," mama akasema, akainuka kwenda kuchochea moto.

Mwishoni mwa Juni wakaondoka, baba na Bwana Vigae, kwa gari la mzungu. Wangekutana na baba mdogo na wazee wawili waliobaki, wajenge tanuri moja, waliwashe, wapime kila kitu. Mama alisimama mlangoni mpaka gari likapotea. Baadaye akachukua mkeka na blanketi lake, akahamia jikoni.

Nilimuuliza, akasema ni baridi. Niliamini, kwa sababu ni kweli jiko letu lina joto kuliko vyumba.

Kikohozi kilimwanza Ijumaa. Jumamosi akawa na homa. Jumapili alisema ubavu unamchoma akivuta pumzi, nikamwita dresa wa hospitali anayekaa mtaa wetu. Akamsikiliza mgongo, akampa vidonge, akasema ni kichomi, na dawa yake ni sindano za penisilini, alale wodini wamtazame. Mama akasema sawa, atakwenda, ila si leo.

Jumatatu akasema si leo. Jumanne akasema si leo.

Nilipomkalia kooni ndipo akanieleza. Huko kwao, mume akiwasha tanuri mlimani, mke hulala penye jiko lake mpaka tanuri lizimike. Asilale nyumba nyingine, asiuache moto ukafa. Akitoka, chuma hakishuki, kinabaki mawe, na aibu ni ya mume mbele ya wenzake.

"Baba yako amengoja kazi hii tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Nimharibie kwa kikohozi?"

Bi Mwanaidi, jirani yetu, mtu wa asili ya pwani ambaye amezika waume wawili na hajui kunong'ona, alikuja na uji wa tangawizi akamfokea. "Shoga yangu, mimi sina ugomvi na mila zenu. Lakini mwiko gani huu usiojua mgonjwa? Moto wako nitakaa nao mimi, wallahi hautazimika. Nenda!"

Mama akamshika mkono, akamwambia, "Ahsante, shoga. Moto ungekubali kutunzwa na mwingine, mimi ningekwenda. Tanuri likizimika tu, nitakwenda kwa miguu yangu."

Nakiri jambo moja hapa, kwa kuwa hapana wa kulisoma. Nami nilitaka tanuri lile lifaulu. Siamini mwiko, nimesoma, nafundisha watoto sayansi ya mwili na kuchemsha maji. Hata hivyo nilikuwa nimeona fahari kwamba baba yangu ataandikwa kitabuni pamoja na Warumi, na mahali fulani ndani yangu palisema, siku mbili tu, hazitamdhuru.

Jumatano dresa alikuja na gari la wagonjwa mpaka mlangoni. Mama aliweza kusimama nikimshika mkono. Alisimama akamwambia dereva pole kwa usumbufu, kisha akarudi kwenye mkeka. Alhamisi mchana pumzi ilikuwa fupi sana. Aliniuliza kama kuna habari kutoka Mbozi. Nikasema bado. Akasema, basi tungoje. Kabla jua halijashuka alikuwa amekwenda.

Jikoni moto ulikuwa unawaka vizuri.

Nilimzika nikiwa na hasira na baba. Niseme kweli, nilikuwa namngoja arudi nimpasulie yote mbele za watu. Aliposhuka basini nikamwona amevaa koti lile lile aliloondoka nalo, limejaa majivu, uso umemshuka, na mkononi amekamata kifurushi kizito kilichofungwa kwa blanketi. Nilishindwa. Tulilia pale pale kituoni, akina mama wa mahindi ya kuchoma wakaacha kuita wateja.

Usiku ule wanaume waliokuja kumpa pole walimuuliza kazi ilikwendaje. Wanaume ndivyo walivyo, msibani huuliza kazi. Baba akajibu kwa sauti ndogo kwamba kazi ilikwenda salama. Chuma kilishuka, bonge zuri. Mzungu amekata nusu kwenda kulichunguza kwao, nusu nyingine ndiyo ile kwenye blanketi. Tanuri walilizima Jumanne asubuhi, na siku zilizofuata walikuwa wanalibomoa, wanachora, wanapiga picha, wanapima mavi ya chuma kwa mizani.

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nililiweka chini.

Jumanne asubuhi. Mama alikuwa bado anajifunga kanga mwenyewe. Jumanne alikuwa na ruhusa. Jumatano gari lilipofika mlangoni, alikuwa na ruhusa. Alikuwa anangojea tanuri lililokwisha kupoa, na wazee wameketi juu ya matofali yake wanakula.

Nikaamua kunyamaza. Nikajiambia, aliyekufa amekufa, huyu aliyebaki nimtunze. Watu wakiniuliza kwa nini mama hakwenda hospitali, nikawa nasema aliogopa sindano. Bi Mwanaidi alinitazama mara moja, akaelewa, naye akaanza kusema hivyo hivyo.

Leo asubuhi nilimpelekea baba chai. Hakuigusa.

"Tabitha," akasema, "jana nimekutana na yule dresa. Anasema alileta gari mpaka hapa, mama yako akaikataa. Kwa nini aliikataa?"

"Aliogopa sindano, baba."

"Mama yako? Yule aling'olewa jino misheni asubuhi, mchana yuko shambani?" Akangoja. "Niambie tu, mwanangu."

Ningeweza kuendelea kudanganya. Uongo wangu ulikuwa na miguu mizuri, umetembea mtaa mzima. Lakini kila nilipoufungua mdomo niliona kwamba namfanya mama kuwa mwoga, na mama hakuwa mwoga. Hicho ndicho kitu pekee nilichobaki nacho cha kumtetea.

"Alikataa kulala nje ya jiko," nikasema. "Alisema tanuri bado linawaka."

Hakuelewa mara moja. Niliona kabisa kwamba hakuelewa, alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Halafu ikamfikia.

"Lakini ile tanuri ilizimika Jumanne."

"Ndiyo, baba."

"Jumanne alikuwa anaweza kutembea?"

"Alikuwa anaweza. Na Jumatano pia, kwa kushikwa mkono."

Kuku wa Bi Mwanaidi waliingia wakala makombo chini ya meza yetu, hakuna aliyewafukuza.

"Mimi sikumwambia ashike mwiko," akasema mwishowe. "Hata sikuwaza, Tabitha. Tumekaa mjini miaka yote hii, amebatizwa, yuko kwaya. Nikafikiri yale tuliyaacha kule. Angeniambia! Kwa nini hakuniambia?"

Swali hilo nami nimemuuliza mama kila usiku.

Kisha akanieleza, na hapa ndipo roho iliponipasuka. Kule kwao hakuna mtu aliyekuwa akitumwa kupeleka habari kwamba moto umezimwa. Haikuwa lazima. "Tanuri iko juu pale," akasema, akinyoosha mkono kuelekea ukutani, "wanawake wako chini kijijini, wanaona moshi. Moshi ikikata, wanajua wenyewe, wanatoka, wanakwenda kuoga mtoni. Nani atatuma mtu? Sikukumbuka kama kutoka Iringa haionekani."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Sikumwambia, kwa sababu sijui la nani. Bwana Vigae? Alikuja Alhamisi hii, siku moja baada ya baba, kofia mkononi, macho mekundu, akaketi jamvini na miguu yake mirefu akashindwa mahali pa kuiweka. Naye angejuaje? Alipima mawe, alipima makaa, alihesabu watu wa mivukuto. Hakuna aliyemwambia kwamba karakana ile ilikuwa na chumba kingine Iringa, na ndani yake mtu yuko kazini.

Nawawaza wale wake wa Warumi. Nawaza mume yuko milimani anayeyusha, mke yuko mjini nyuma ya duka. Nani ajuaye walikuwa wanashika miiko gani, wananyima miili yao nini, wanangoja habari ipi. Miji ile ilikula chuma cha mbali miaka mingi. Huenda wapo wengine waliokufa kwa kungoja, na Bwana Vigae amepita juu yao na brashi yake akaona udongo mtupu. Mama alimwambia hajatafuta vizuri. Nilifikiri anatania.

Na mimi nimemkasirikia mama kuliko wote. Ni aibu kuiandika. Alimpenda baba kwa siri namna ile, mpaka siri ikamuua, akatuachia sisi wawili kuibeba.

Mchana ukungu uliondoka. Baba alitoka chumbani amevaa shati jeupe la kanisani na kofia.

"Nipeleke hospitali," akasema.

Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi, anataka kuiona njia.

Tukaenda. Ni karibu. Bi Mwanaidi akiwa na mgonjwa pale humpelekea chai kwa mkono, nayo hufika ya moto. Tulipita soko limefungwa, tukapita karakana ya baba nayo imefungwa, tukapanda kidogo, tukafika. Baba aligeuka akatazama tulikotoka, na paa la nyumba yetu lilikuwa linaonekana.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, watu wanaingia na vikapu vya ndizi na machungwa. Mlangoni alikuwapo nesi kijana, mwenye lafudhi ya Kihehe, mchangamfu.

"Shikamoo, mzee. Mnamtazama nani?"

Nilifungua mdomo nijibu kwamba tunapita tu. Baba akatangulia.

"Rakeli," akasema.

Sijawahi kumsikia baba akilitaja jina la mama. Maisha yangu yote alimwita Mama Tabitha, na hata kaburini, alipopelekwa siku ile aliyofika, alimwita hivyo hivyo.

Nesi akapitisha kidole kwenye majina yake, wodi ya wanawake, akarudia tena kutoka juu. "Rakeli hayupo, mzee. Hakuletwa hapa. Labda yuko hospitali ya misheni, mmeuliza?"

"Hapana, mwanangu," baba akasema. "Ilikuwa aje hapa."

Akavua kofia, akamshukuru. Nikadhani sasa tutarudi. Lakini alisogea pembeni kuwapisha watu, akasimama pale ukutani na kofia mkononi, pamoja na wenye vikapu, mpaka saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha na wote wakaambiwa waende nyumbani.